Kahawa Iliyoachwa Uani

Mara ya kwanza kufundisha mauaji ya kimbari ya Rwanda nilishindwa vibaya. Nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, na nilipoandika jina la nchi ile ubaoni darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, ni hapa kwetu?" akauliza mmoja.

Ili wanyamaze, nikawapitishia picha nilizochapisha mjini: maiti barabarani, maiti kanisani. Wakanyamaza kweli. Msichana wa dawati la mbele alijiinamia, akatoka nje, na kwa siku tatu hakurudi. Siku ya nne alikuja baba yake, mkulima wa Kitura. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Mwalimu, mwanangu akifumba macho anaona maiti. Ulitaka ajifunze nini?"

Niliomba radhi, na mwaka uliofuata mada ile nikaipitia haraka haraka: tarehe, idadi, sababu za kujibia mtihani. Basi.

Kisha ikaja barua. Walimu wa historia tuliitwa Songea kwa mafunzo ya wiki moja ndani ya makumbusho, ambako kulikuwa na maonyesho ya michoro ya watu walionusurika Rwanda. Nilikwenda shingo upande.

Mkufunzi alikuwa mama wa Kinyarwanda, mwembamba, mwenye Kiswahili cha polepole. Hakutupa hotuba. Alimsimamisha kila mwalimu mbele ya mchoro mmoja, akasema, "Kaeni hapo nusu saa. Andikeni mnachokiona. Mnachokijua kiacheni kwanza."

Wangu ulionyesha ua wa nyumba ya matofali. Kahawa imeanikwa kwenye mikeka, nusu imegeuzwa, nusu bado. Reki imelala juu yake. Mlimani, wingu zito la mvua. Mtu hakuna. Dakika za mwanzo nilichoka tu. Halafu nikaitazama kahawa tena. Mimi nimezaliwa Mbuji, humo humo Mbinga, nimesomeshwa kwa kahawa. Najua hakuna anayeona wingu la namna ile akaiacha kahawa nje. Kwetu hata mgonjwa angenyanyuka kitandani. Nikaandika, "Wenyewe wako wapi?"

Mkufunzi akasimama kando yangu. "Umeona nini, dada?"

"Mvua inakuja, na kahawa haina mtu."

Akainyooshea reki kidole. "Ni uani kwetu. Baba alikuwa anaigeuza walipokuja. Nilikuwa na miaka tisa. Mchoro huu nimeuchora mwenyewe."

"Pole sana, mama."

"Asante. Lakini usiwapelekee wanafunzi wako maiti ya baba yangu. Wapelekee baba yangu akiwa hai. Alipenda chai ya sukari nyingi, na alikuwa akipiga mluzi vibaya mpaka tunaziba masikio. Wakishamjua, ndipo uwaambie aliuawa."

Niliporudi shuleni nilikwenda kwa Mkuu wa Shule na nakala ya mchoro ule mkononi.

"Haya yanatoka kwenye mtihani?" akauliza.

"Mengine hayatoki, Mkuu."

"Basi una vipindi viwili. Akitoka mtoto mmoja analia, unaacha."

Nikaubandika mchoro ubaoni bila kusema neno. Walikuwa watoto wa wakulima wa kahawa. Hawakuhitaji nusu saa.

"Mwalimu, hii reki haikuwekwa," akasema msichana mmoja. "Imedondoka."

"Amekimbia huyo!"

"Hajakimbia, ameitwa."

Wakabishana wamesimama. Nikawasimulia habari za yule baba, mluzi wake na chai yake, wakacheka kama wanavyomcheka mjomba. Kisha nikawaambia yaliyompata. Hakuna aliyetoka. Waliuliza majirani waliwezaje, nami nikawaeleza kwamba kabla ya mapanga kulikuwa na majina ya matusi, na redio ikiyarudia kila siku.

Hapo msichana mmoja wa bweni, mtoto wa mwambao wa ziwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hata mimi nimepewa jina bwenini." Akalitaja. Lilihusu harufu ya samaki, na sitaliandika hapa.

Sikuwaambia kwamba utani wa bwenini ni sawa na mauaji. Si sawa, na kusema hivyo ni kuwavunjia heshima waliokufa. Niliuliza tu nani amewahi kulicheka jina lile. Mkono wa kwanza ulikuwa wa kiranja wa bweni. Ikafuata mingine, mmoja mmoja.

"Nisamehe," kiranja akamwambia mwenzake mbele ya darasa. Tangu wiki ile sikulisikia tena.

Vipindi viwili vikawa vinne. Cha mwisho Mkuu alikaa dawati la nyuma, na kengele ilipolia akasema, "Endelea, Mwalimu."

Mwaka jana afisa elimu alinituma Mbamba Bay kuwafunza walimu wa mwambao wa ziwa. Niliteremka milimani na nakala za michoro ya Songea zimekunjwa kwenye bomba la plastiki. Miongoni mwao alikuwamo mzee anayekaribia kustaafu, aliyeanza kufundisha kabla sijazaliwa. Siku mbili hakuuliza swali hata moja. Siku ya tatu, zamu yake ya somo la majaribio, akachagua mchoro wa mama anayemsuka binti yake.

"Jina la mama huyu silijui," akaanza, taratibu. "Lakini tazameni vidole vyake. Havina haraka."

Alifundisha namna ambayo sijawahi kuona. Mpishi, samaki wa ziwani wakiwa tayari mezani, akagonga mlango, "Walimu, mbasa wanapoa!" Hakuna aliyeinuka. Alipomaliza, mzee akafuta chaki mikononi, akanigeukia.

"Mwalimu, nimepata?"

"Umepata, mwalimu wangu. Tena umenipita."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mimi nikapiga mpaka viganja vikauma. Tulikula mbasa waliopoa, kila mmoja akijigamba kwamba darasa lake ndilo litakalokuwa la kwanza kufundishwa hivi, Jumatatu.