Mshenga wa Trekta

Kwetu mtu hajiposei. Hata ukiwa na ulimi wa asali, unamtuma mshenga akuongelee, nawe unakaa pembeni ukijifanya huna habari. Desturi hiyo nilitoka nayo Kivu mpaka Stockholm, nikaitumia kutafutia trekta. Cheka tu. Mke wangu alicheka kabla yako.

Lilikuwa trekta la bustani, lile dogo la kukalia, lenye umri unaokaribia wangu. Mzee mmoja Mswidi, nje kidogo ya Södertälje, alitangaza mtandaoni kwamba anagawa mawili: kiwanda kimoja, rangi nyekundu ile ile, boneti ile ile, kiti cha chuma kama sahani. Aliandika kwamba atachagua mwenyewe nani wa kumpa. Wengi wangeona mapacha. Mimi niliona kaka na mdogo wake, na mdogo alizaliwa kiwanda kikiwa kimeshaanza ubahili.

Nilikuwa nimekodi kipande cha shamba karibu na huko, nilime viazi, maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu, na jembe lilikuwa limenimaliza mgongo. Ila nisikudanganye, yule kaka sikumtaka kwa ajili ya viazi. Baba yangu aliendesha trekta la aina hiyo hiyo kwenye bustani ya misheni. Vita vilipofika alifungua nati tano za tairi la nyuma ili askari wasiondoke nalo, akazitia mfukoni, akakimbia nazo. Alifia kambini. Tulimzika nazo.

Nje ya nyumba yangu kuna mtu mmoja tu niliyewahi kumsimulia haya, mwenzangu wa kwaya anayekaa Hagsätra. Alikuja huku akiwa mdogo, na ukimsikia bila kumwona utadhani Mswidi. Jumamosi moja nilikwenda naye tukayatazame matrekta. Yalikuwa yameegeshwa uani, nikamwonyesha tofauti moja baada ya nyingine. Tairi la nyuma la kaka limefungwa kwa nati tano. La mdogo limechomekwa tu kwenye ekseli na kushikwa na pini. Kwa kaka, injini inazungusha gia kwa shafti. Mdogo ana mkanda, na mkanda ukilowa umande unateleza, injini inanguruma na trekta haliendi kokote. Ekseli ya mbele ya kaka ni chuma kizito cha kumimina, ya mdogo ni bati lililokunjwa. Alinisikiliza kama mwanafunzi mwema. Akachuchumaa, akahesabu nati kwa kidole. Hapo ndipo nilipomsimulia habari za baba. Machozi yalinitoka, naye akanishika bega.

Mzee alikuwa akitungoja mlangoni mwa ghala. Nikaona haya kumkabili na Kiswidi changu cha kiwandani, kinachojua bolti, zamu na mapumziko.

"Yaya, acha miye nitaongea na ule muzee," mwenzangu akasema, akiniita yaya kama kwetu wanavyomwita kaka mkubwa. "Weye utakosa maneno, atafikiri hautaki sana."

Nikaona sawa, ndivyo mambo yanavyofanywa. Mshenga akaingia ghalani, mimi mwenye haja nikarudi kukaa garini. Baada ya nusu saa alitoka akitabasamu, akasema mzee amekubali, nije na tela Jumamosi inayofuata.

Nilifika na tela la kuazima. Uani alibaki mdogo peke yake. Mzee hakunitambua, maana hakuwahi kuniona vizuri. Alidhani nimekuja kuulizia lililobaki. Lile jingine, akasema, lilichukuliwa Alhamisi na kijana anayelistahili kweli. Akanikaribisha ndani, akanimiminia kahawa, akanieleza polepole ili nielewe. Baba wa yule kijana. Misheni. Vita. Nati tano mfukoni, mpaka kaburini. Hata jinsi baba alivyokuwa akiweka kiganja juu ya gia boksi kila asubuhi, kama anayempima mtoto homa. Hilo nalo nilikuwa nimemwambia mwenzangu. Mzee akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Nikaomba udhuru, nikatoka nje kupiga simu.

"Yaya, usikasirike," mwenzangu akajibu. "Muzee aliuliza sababu gani ninataka ile ya zamani. Nikamuambia ile histoire ya baba yako. Akafikiri ni baba yangu, nikaacha tu."

"Na mimi niliyekuwa garini?"

"Kamata ile ingine, yaya. Zinafanana."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa joho la kwaya. Nilikata simu, nikarudi ndani kwa sababu koti langu lilikuwa bado kitini.

Mzee alikuwa ameniongezea kahawa. "Na baba yako wewe," akaniuliza kwa upole, "alifanya kazi gani?"

Nikafungua mdomo. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimeshasemwa katika nyumba ile, kwa Kiswidi kizuri kuliko changu. Ningesema ukweli, angeniona mwizi anayeiba marehemu wa mwenzake. Nikamjibu kwamba baba yangu alilima kwa jembe la mkono maisha yake yote, na hakuwahi kukalia trekta.

Trekta ningemwachia mwenzangu. Lakini alinifanya nimkane baba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na mzee wa watu akanipa pole.