Gunia la Pili Juu ya Injini

Ndugu zangu, mnisamehe kwa kunyamaza tangu Pasaka.
Leo lori la chama chetu cha wakulima limeteketea, na nusura tuteketee nalo.

Tuliondoka Iringa alfajiri, kwenda Mbeya. Nilikaa mbele na dereva, Lwitiko.
Tulipopita Makambako nikasikia harufu ya kuungua.
"Watu wanachoma mashamba, Mzee," akasema.
Lakini harufu ile ilitufuata mpaka Igawa. Hapo moshi ukatutokea miguuni.

Abiria waliokuwa nyuma wakaruka. Mmoja akaleta ndoo ya maji.
"Mchanga! Maji yatasambaza petroli!" Lwitiko akapaza sauti.
Wanawake wakabeba mchanga kwa kanga zao. Tulikuwa tumechelewa.

Katibu wa chama, aliyekuwa miongoni mwa abiria, akamgeukia Lwitiko mbele ya watu wote.
"Dereva gani hakagui injini? Huna kazi tena."
Lwitiko akaokota fimbo. Akaopoa nayo kipande cha gunia kutoka kwenye injini, akanipa mimi.
Kilikuwa na jina langu.

Jana jioni mimi ndiye niliyeifunika injini kwa ajili ya baridi.
Alfajiri nilimwambia Lwitiko nimekwisha kuondoa gunia. Alipotaka kufunua injini ahakikishe, nikamkaripia: "Unaniona mwongo?"
Akaniheshimu, akawasha gari.
Magunia yalikuwa mawili. Niliondoa moja.

Kamati ya chama itakaa Jumamosi kuamua kazi ya Lwitiko, na mwenyekiti ni mimi.
Kipande kile kimo mfukoni mwangu, bado kinanuka moshi.
Mwenye neno aniandikie kabla ya siku hiyo.
Nami nitawaandikia uamuzi ukishatolewa.