Siku Niliyopima Kihenge cha Wakwe

Jamani, chekeni mmalize kisha mnisikilize, maana aibu hii ni yangu, heri niisimulie mwenyewe kabla shemeji zangu hawajaitia chumvi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu Makambako, nimetoka chuoni Uganda na hesabu za kalkulasi tele kichwani, nikapanda lori kwenda Njombe kwa akina Tumaini, binti niliyemposa, ambako siku hiyo wazee wangemwuliza mbele ya watu kama ananikubali. Uani nikamkuta baba yake na kihenge kipya cha mianzi, tumbo pana, mdomo mwembamba, anajiuliza kitachukua madebe mangapi ya mahindi. Mtu mwenye akili angesema, "Tutaona tukijaza." Mimi nikasema, "Baba, niachie mimi."

(Hesabu yenyewe si ngumu: unachukua mstari wa ubavu wake, unauzungusha kwenye mhimili, umbo unalikata visahani vyembamba, unapata ujazo wa kila kisahani kwa nusu kipenyo chake na unene wake, unajumlisha.) Shida ni kwamba nilitaka vipimo vya ndani, kwa kuwa kuta zilikandikwa udongo mnene, basi mzee alipoingia nyumbani nikavua koti, nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikanyoosha kamba ya kupimia nifike chini, mara pu! Miguu juu, uso kwenye udongo mbichi.

Nikapiga kelele. Aliyekuja mbio ni mama yake Tumaini, akanikamata miguu akavuta, na kweli nilianza kutoka, ila baba akatokea mlangoni: "Mama Tumaini! Huyo ni mkwe wako!" Kwao mama mkwe hata mkono hampi mkwe wake, sembuse kumshika miguu. "Mama wee!" Akaniachia hapo hapo, nikazama tena, kihenge kikayumba, kikaanguka, kikabingirika mteremkoni na mimi ndani, mpaka mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wanapanda na mshenga wangu.

Walinitoa, wakaninawisha, tukaketi. Tumaini akaitwa.

"Binti, mtu huyu unamkubali?"

Akanitazama, akafungua mdomo ajibu, akacheka. Akaulizwa tena, akacheka mpaka machozi, shangazi yake akamtoa nje. Wazee wakasema kicheko si jibu, nirudi mavuno yajayo. Mwaka mzima, jamani! Niliumia.

Tangu hapo nimeapa, kitu cha ukweni sikipimi, ujazo naufundishia ubaoni tu. Mavuno yalipofika nikarudi, nikaketi, na Tumaini akajibu ndiyo huku ameinamisha uso, maana angenitazama tu, alisema baadaye, ningesubiri mwaka mwingine.