Siagi ya Kunyamaza

Nakumbuka siku moja iliyonigharimu mama mkubwa, dada yake mama yangu. Nilichopata mimi ni siagi ya miezi minane. Nimehesabu mara mbili, mjukuu wangu, na mara zote mbili nimepunjika.

Ilikuwa Kirolirwe, enzi za Wabelgiji. Nilikuwa msichana aliyejua bei ya kila kitu. Mama mkubwa alikuwa na wajukuu tayari, damu ya mwezi ilikwisha kumwacha miaka mingi. Asubuhi hiyo alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa, nikaona doa kwenye nguo yake.

"Mama mukubwa, iko damu."

"Imerudi. Nyamaza."

"Basi unarudia usichana. Tutafutie mutoto jina?"

Hakucheka. "Wake za batoto yangu wakijua, watanitosha ku kibuyu, nisikiguse tena. Siagi njo inanilisha."

Kwetu kwenye ng'ombe, mwanamke mwenye damu hakugusa maziwa. Walisema ng'ombe atakauka. Nami, badala ya kuuliza damu imetoka wapi, nikataja bei ya kunyamaza: kibuyu kidogo cha siagi kila juma.

"Wewe mutoto," akasema, "utauzisha hata kaburi yangu." Akalipa.

Hakukosa juma hata moja. Damu nayo haikukosa. Ikaja harufu, akajipaka siagi zaidi. Kiuno kikaanza kuuma, akasingizia jembe. Alipoanguka shambani ndipo tukambeba kwa kipoyi, begani kwa wanaume wanne, hadi hospitali ya misheni.

"Ilianza wakati gani?" muuguzi akauliza, dokta alipomaliza kumpima. Wanawe wakatazamana.

"Miezi minane," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Iko kansa ya mlango wa kizazi. Ingekuwa bado kidogo, dokta angejaribu kuikata. Sasa imeshika pahali pote."

Mama mkubwa alinitazama. Tulimzika kabla ya kuvuna maharage.

Mjukuu wangu, mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio hakitibu. Damu ikirudi baada ya kukoma, au ikija baada ya kulala na mume, au uchafu ukiwa na harufu, nenda upimwe. Huenda si kansa. Hilo aseme daktari, si jirani. Nenda hata kama hakuna kinachouma, maana mwanzoni haiumi. Na siri ya namna hiyo usiiuze, usiinunue.

Mungu akulindie kizazi chako, hata kikishamaliza kazi yake. Ile siagi sina wa kumrudishia. Nilipie wewe: jioni hii, muulize mama yako kama damu yake imerudi.