Maziwa Yana Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto wa kubeba watoto wenzangu mgongoni, kule kwetu juu ya Muthara, hakuna aliyengoja daktari amwambie kwamba mwanamke ana mimba. Watoto ndio waliosema. Mtoto anayenyonya akiinama, akaweka kichwa chini na kuchungulia nyuma katikati ya miguu yake, watu wazima waliacha kazi waliyokuwa wakifanya. Walisema anamtazama mdogo wake akija njiani. Na mdogo akishaingia njiani, maziwa si ya huyu tena. Maziwa yana mwenyewe. Ukimnyonyesha mtoto wa nje maziwa ya yule wa ndani, huyu wa nje atahara, atavimba miguu, nywele zitabadilika rangi, na mwisho utamzika.

Hayo yote niliyaona yakitimia, moja baada ya jingine, kama yalivyosemwa.

Juzi mjukuu wangu Kendi, yule anayeishi Kaaga, alinipigia simu. "Nyanya," akasema, "huyu mtoto ameanza kuinama na kuchungulia. Mama wa nyumba ya pili anacheka, eti nimwachishe kunyonya haraka kabla sijamuua. Na mimi hata sijui kama kuna kitu tumboni au hakuna. Nifanye nini?" Nikamwambia nina kazi kidogo, nitampigia. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa kwenye kiti cha nje na simu mkononi, nikamwona Koome.

Koome alikuwa ndugu yangu. Mama alizaa wasichana, mimi nikiwa wa kwanza, akazaa wasichana wengine, ndipo akampata yeye. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, basi akapewa jina la babu, ambaye alikuwa ameshakufa. Kwa hivyo nyanya, mama yake baba, hakumwita mjukuu. Alimwita "mume wangu". Alikuwa akifika kwetu, hata kabla ya kutua kiondo, sauti inatangulia: "Mume wangu yuko wapi? Ameniwekea nini leo?" Na Koome, aliyejua kutembea na maneno ya kuhesabika, anakimbia na tumbo lake mbele kwenda kushika shuka la bibi yake.

Mimi nilikuwa na jina la nyanya mwenyewe, Karimi, akaniita wajina. "Wajina, umembeba mume wangu vizuri? Ukimwangusha nitakuoza kwa mzee asiye na jino hata moja, uwe unamtafunia nyama." Nasema haya ili usije ukamchukia mbele ya safari. Sijawahi kumwona mtu aliyempenda mtoto kama yeye alivyompenda yule.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya miaka hiyo, lakini mvua ilikatika maharagwe yakiwa kwenye maua. Ng'ombe wetu alikuwa amekauka. Baba alikuwa Isiolo na mizigo ya miraa, akija anakuja, asipokuja hakuna habari. Sisi tulikunywa uji wa mahindi mwembamba, ule unaona uso wako ndani, na nduma ndogo ndogo, magimbi yaliyobaki kule mtoni. Koome hakujua kama kuna njaa. Yeye alikuwa na nyonyo. Hivyo ndivyo alivyoita, nyonyo, na alikuwa akija popote mama alipo, akitembea kama mwenye shamba anayekwenda kutazama mali yake.

Siku ile mama alikuwa akipukuchua mahindi nje. Nyanya alikuwa ameketi karibu naye, akichagua yale yaliyoliwa na wadudu. Kuku wetu alikuwa na vifaranga, na kimoja kikapita mbio kati ya miguu ya Koome. Koome akainama kukifuata kwa macho. Kichwa chini, matako juu, akakiona kinakimbia kimepinduka, akacheka sana. Mimi nilikuwa palepale. Niliona.

Nyanya aliacha mahindi.

"Mama Karimi, umeona?"

"Nimeona nini?" mama akasema, lakini hakuinua macho.

"Usinifanye mimi mtoto. Mwezi uliuona lini?"

"Tangu nimzae huyu sijauona."

"Basi utajuaje?"

Mama akaendelea kupukuchua. Mimi nikasema, "Nyanya, ni kifaranga. Kimepita hapo chini, alikuwa anakitazama."

"Wajina, watu wazima wakizungumza, wewe kuna maji ya kuteka."

Nikachukua mtungi. Nikiwa nyuma ya nyumba nilimsikia nyanya akizungumza polepole, si kwa ukali. "Mimi nilikuwa na msichana kabla ya mume wako. Hujawahi kumsikia kwa sababu simtaji. Nikapata mimba naye ananyonya. Nilimhurumia, nikaendelea kumpa. Huruma ndiyo iliyomuua, mama Karimi. Si wewe utakayezika jina la mzee wangu mara ya pili."

Mama angekataa vipi? Angesema anajua zaidi ya mtu aliyezika? Na siku hizo mke hakushindana na mama mkwe wake, hasa mume akiwa mbali.

Kwanza mama alipakwa shubiri, ule utomvu mchungu, kwenye matiti yote mawili. Koome akaja, akaonja, akakunja uso. Tulifikiri ataacha. Akapangusa titi kwa kiganja, akajipangusa ulimi kwenye gauni la mama, akarudi. Alinyonya akilia kwa uchungu, na hakuachia. Mama naye alilia. Nyanya akasema, "Hapana. Huyu ni mzee wangu kweli, hakatazwi kwa mdomo. Lazima aondoke asilione."

Ndivyo ilivyokuwa desturi: mtoto anayeachishwa anapelekwa kwa bibi yake mpaka asahau. Nilitumwa niende naye kwa sababu alizoea mgongo wangu. Mama alijificha nyuma ya ghala ili asitazamwe. Tulivuka mto, tukapanda upande wa pili, na Koome alikuwa akigeuza shingo njia nzima.

Kwa nyanya alikataa uji. Alikataa nduma. Nyanya alimtafunia ndizi ya kuchoma, akamtilia mdomoni, akaitema. Alimwimbia, akamchezea, akamwita majina yote ya mashujaa. "Mume wangu, utaniacha mjane mara mbili?" Ilikuwa ni mzaha, na mimi nilicheka.

Siku moja Koome alimwendea nyanya mwenyewe akiwa ameketi, akavuta shuka lake. Nyanya alimtazama. Kisha akamtolea titi lake lililolala kama mfuko mtupu, akasema, "Haya, jaribu. Huenda mzee alibakishiwa kitu." Koome alinyonya, akanyonya. Akaachia, akalitazama lile titi, akamtazama nyanya usoni. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakulia.

Nilitumwa nyumbani kuchukua nduma. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, ameinama juu ya kipande cha kibuyu, anajikamua. Matiti yalikuwa magumu, yanang'aa. Kibuyu kilipojaa alikwenda kukimwaga kwenye shina la mgomba, maana maziwa ya mama hayamwagwi njiani sisimizi wakayanywa. Wakiyanywa yatakauka, na yule anayekuja atakosa.

Nikamwambia, "Mama, nipe nimpelekee Koome."

"Si yake."

"Analia nyonyo."

"Yana mwenyewe, Karimi. Nenda." Alisema nenda huku amenishika mkono, na alikawia kuuachia.

Njiani nilijiuliza, kama yana mwenyewe, mbona yanapewa mgomba? Lakini swali la mtoto ni kama moshi, linatoka tu. Mgomba ule ulizaa vizuri sana. Sikula ndizi zake.

Koome akaanza kuhara. Baadaye miguu ikajaa. Majirani walipita wakasema, "Ananenepa kwa bibi yake," lakini ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Uso nao ukajaa, macho yakawa madogo. Nywele zikawa nyekundu na laini kama ndevu za hindi, zikatoka mkononi nikimbeba. Hakutaka kucheza wala kushushwa. Alikaa tu.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Hakuna aliyesema tumekosea. Kila dalili iliyotokea, nyanya aliijua kabla haijafika. "Mnaona?" alisema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Tulichelewa. Alikuwa ameshakunywa ya mwenzake." Na sisi wote tuliona kwamba ni kweli. Yalisemwa, na yametimia. Kadiri Koome alivyozidi kuumwa, ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba hafai kurudishwa kwa mama.

Mwishowe mama alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alimtazama, akafungua leso, akamfunga mgongoni, akaanza kutembea kuelekea hospitali ya misheni. Nyanya alifuata, nami nikafuata nyanya.

Muuguzi alimtazama Koome, akauliza, "Alikuwa ananyonya?"

"Tulimwachisha," nyanya akajibu. "Mama yake ana mimba."

Muuguzi akaweka mkono juu ya tumbo la mama. "Ya miezi mingapi?"

"Bado ni changa," nyanya akasema.

Yule muuguzi aliacha mkono pale kidogo, akamtazama mama, kisha akaenda haraka kutafuta maziwa ya unga. Alipogeuka tu, mama alifungua vifungo vya gauni pale kwenye benchi mbele ya watu. Akamwekea Koome titi mdomoni. Nyanya alinyoosha mkono kumzuia, mkono ukafika nusu ukashuka.

Koome alilijua. Niliona kwamba alilijua. Alilishika kwa midomo, lakini hakuwa na nguvu ya kuvuta, na titi lenyewe lilikuwa limekauka. Alilishika tu hivyo. Muuguzi aliporudi na kikombe, mama alimwambia, "Weka, dada. Amelala." Hakuwa amelala.

Baada ya hapo tulingoja yule mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yetu. Watu waliokuja kutupa pole walisema, Mungu amechukua mmoja lakini yuko mwingine njiani. Nyanya alikuwa akija siku za soko, na hakuita tena kutoka mbali. Anaketi, anakunywa chai, macho yake yanakwenda kwenye tumbo la mama na kurudi chini. Mama alivaa gauni lilelile, akafunga mshipi palepale. Msimu wa mavuno ukaja. Mshipi haukusogea. Siku moja mama alifua vitambaa vyake vya mwezi, akavianika nje kwenye ua, mahali ambapo kila mtu angeviona, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Nyanya alifika, akaviona, akasimama. Hakuingia ndani. Aligeuka na kiondo chake akavuka mto.

Mvua iliporudi tulipanda maharagwe kwake, mimi na yeye. Alikuwa akichimba shimo kwa fimbo, anatia mbegu, anafukia kwa mguu. Bila kunitazama akasema, "Wajina."

"Ee, nyanya."

"Siku ile ulisema kilipita nini?"

"Kifaranga."

Akaendelea kuchimba. Nilipofika alipokuwa, nilikuta ametia mbegu zote za mkononi katika shimo moja, na bado anafukia, anafukia. Nilishika fimbo nikaendelea mimi. Hakulitaja neno hilo tena mpaka kufa kwake, wala hakumwita tena mjukuu yeyote "mume wangu", ingawa alizaliwa mvulana mwingine akapewa jina lilelile.

Maana mama alikuja kuzaa, baadaye. Na hakuna mtoto aliyemwachisha tena. Waliacha wenyewe, mmoja akiwa ameshaanza kuchunga mbuzi. Alimnyonyesha mmoja akiwa na mimba ya kweli, tumbo likionekana, na wanawake mtoni walimsema. "Mama Karimi anataka kuzika tena." Aliwajibu, "Nimeshazika aliyekatazwa. Acheni nijaribu aliyepewa." Yule mtoto leo ni mzee mwenye mvi, anauza mbao Kinoru, na anakula kama jeshi.

Nimezeeka kuliko nyanya alivyokuwa siku ile, na sijaweza kumchukia. Nafikiri juu ya yule msichana wake asiyemtaja. Mtu akiungua gizani, huogopa alichokuwa amekishika, si kilichomchoma. Aliogopa maziwa maisha yake yote, na kumbe ilikuwa njaa. Njaa haina alama ya kuinama na kuchungulia. Ilikuwa imekaa nasi pale pale kwenye mahindi, na hakuna aliyeiona.

Nilimpigia Kendi jioni.

"Nyanya! Nilifikiri umenisahau."

"Mtoto anachungulia nini?"

"Si nilikuambia, anainama hivi, anaangalia—"

"Nimesikia anavyoinama. Nauliza kuna nini nyuma yake."

"Sijui. Labda paka. Tuna paka."

"Tazama kwanza. Kisha kesho uende hospitali wakupime, ujue."

"Na wakiniambia iko?"

"Waulize huko wakuongoze. Ule vizuri, na huyu ale chakula cha maana, mayai, maharagwe, asiachiwe uji mtupu. Siku ya kumwachisha ikifika, utaijua wewe na yeye, na itakuja polepole. Si kwa sababu ya paka."

Alicheka. Mimi sikucheka, na akatambua. "Nyanya, uko sawa?"

"Niko sawa. Anafanya nini sasa?"

"Amekuja. Anavuta blauzi."

"Mpe."

Nilisikia nguo ikisogezwa, kisha ile sauti ndogo ya kumeza, na pumzi ya puani kati ya kumeza na kumeza. Sikukata simu.