Kilima Kisichohama

Robi Werema alikuwa mwoga tangu utotoni, na kwao upande wa Nyambureti hakuna asiyelijua hilo. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wa marehemu baba yake, aliogopa hata kujibu darasani swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mdomoni. Aliporudi kutoka Mwanza na cheti cha usaidizi wa maabara, akapangiwa kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti wa vyakula vya mifugo nje ya Mugumu, shangazi zake walicheka. "Huyu? Ataziogopa hata chupa!"

Chupa hakuziogopa. Aliogopa mashine moja tu, ile ya kupima mng'ao. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo, na ililetwa na mtaalamu wa kigeni ili kupima sumu ya ukungu katika mashudu ya karanga wanayolishwa kuku. Ndani yake mlikuwa na taa ambayo mtaalamu alimwonya mapema: ukiitazama itakuharibu macho, ukiishika ovyo inaweza kulipuka. Alimfundisha Robi miezi sita, mkataba ukaisha, akaenda kwao. Kwa hiyo mwaka ule wa 1977, mtu pekee kituoni aliyeweza kuiendesha alikuwa yule aliyeiogopa kuliko wote.

Alhamisi moja asubuhi alifika Simioni, tabibu wa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa alikokuwa amehamishiwa mama yake Robi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na mkononi alishika mifuko miwili ya mahindi.

"Dada Robi, mwezi huu nimezika watu tisa," alisema bila hata kukaa. "Macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji, mtu anakwisha huku unamtazama. Na sasa wanasema ni Bibi Waisiko."

Robi alimfahamu Waisiko. Alikuwa mjane, jirani wa mama yake, mwanamke wa maneno makali asiyeomba mtu chumvi.

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu yeye na wajukuu zake hawajaugua. Kijiji kizima kinalia, kwake watoto wanacheza. Watu wanauliza, huyu anakula nini? Jumamosi wazee wanakaa iritongo, baraza lao, kuamua kesi yake. Baraza likishasema, dada, hakuna wa kulirudisha nyuma." Akaweka mifuko mezani. "Lakini mimi najua anakula nini. Wenzake wote wanakula mahindi ya ghala la kijiji. Yeye alikataa kuchanganya yake, anakula ya kihenge chake. Mfuko huu ni wa ghala, na huu ni wa Waisiko. Nipimie."

Robi aliitazama mifuko ile. "Na mama yangu?"

Simioni aliinamisha kichwa. "Ya ghala. Kama wote."

Mkuu wa kituo, Bwana Stanslaus, alikuwa mtu mpole mwenye watoto saba na woga wake mwenyewe. Aliufunga mlango kabla ya kujibu. Kila mtu alijua habari za ghala lile: mwenyekiti wa kijiji, Kornelio, aliagiza mahindi yavunwe mabichi na kujazwa ndani haraka, mvua ikinyesha, ili wageni watakaokuja kulizindua walikute limejaa. Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Mahindi yakabaki yakifukuta gizani.

"Pima," Stanslaus alisema, "lakini mtu asisikie."

Robi alisaga mahindi ya kila mfuko peke yake, akayaloweka katika methanoli, akayatikisa, akayachuja mara mbili. Lakini kijijini hakuna siri inayolala. Kesho yake asubuhi, alipokuwa amewasha jenereta na kuipa taa nusu saa ya kutulia, alisikia sauti ya Kornelio uani.

Aliharakisha. Alikishika kichupa cha kupimia, cha pembe nne na chenye kioo angavu pande zote, kwenye pembe za juu tu, maana alama moja ya kidole ingeweza kung'aa na kudanganya. Alianza na methanoli tupu. Akaweka mwanga unaoingia kwenye nanomita mia tatu sitini na tano, akafunga kifuniko, akaiachia mashine ianze kutafuta mwanga unaotoka, kuanzia mia tatu themanini hadi mia sita. Kalamu ilitambaa juu ya karatasi ya chati, ikachora kilima kidogo kwenye mia nne na nane, ikashuka, ikanyooka. Ndivyo ilivyotakiwa.

Akaweka maji ya mahindi ya Waisiko. Kilima kilekile kidogo, palepale. Baada ya hapo, karibu tupu.

Akaweka ya ghala. Kalamu ilipofika mia nne na ishirini iliruka, ikagonga ukingo wa karatasi, ikabaki pale ikilia tik, tik, tik. Robi aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Akamfikiria mama yake akisonga ugali, akionja, akimega.

Ilibidi ayazimue maji yale, sehemu moja kwa kumi, apime tena. Ndipo mlango ulipofunguliwa. Kornelio aliingia bila kubisha, Stanslaus akimfuata nyuma.

"Shikamoo, mwenyekiti," Robi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

"Marahaba, binti. Nasikia unapima chakula cha umma." Kornelio hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Ghala lile ni chakula cha kaya mia mbili. Ukisema kina sumu, watu watakula nini? Udongo? Unajua jina la mtu anayewakatisha watu tamaa na mali yao wenyewe? Mhujumu. Wahujumu wana mahali pao."

Kalamu ilikuwa imemaliza. Safari hii kilima kilikaa ndani ya karatasi, kirefu, kilele chake kwenye mia nne na thelathini. Robi alilijua umbo lile. Alikuwa ameliona mara nyingi kwa sumu halisi aliyoachiwa na mtaalamu katika kichupa.

Stanslaus alizichukua chati, akazitazama muda mrefu. "Robi," alisema polepole, "hata methanoli tupu ina kilima. Kilima cha tupu na hiki vinakaribiana. Huenda ni kimiminika chenyewe kinachotuchezea. Tunaweza kuandika kwamba kipimo hakikueleweka."

Alikuwa anamwachia mlango wa kutokea, na Robi aliuona. Angeweza kuitika, akaenda nyumbani, akamchukua mama yake ili asile tena ya ghala, akanyamaza. Kisha akasikia mdomo wake ukisema, "Kuna njia ya kujua, mzee. Kilima cha kimiminika hufuata mwanga unaoingia. Ukiuhamisha, nacho kinahama. Kilima cha sumu hakihami."

"Mashine izimwe," Kornelio alisema. "Stanslaus, kazime jenereta."

Stanslaus alitoka.

Robi alijua amebakiwa na dakika moja, labda mbili. Akaushusha mwanga unaoingia hadi mia tatu na hamsini. Methanoli tupu kwanza: kilima kidogo kikahama, kikaja kukaa kwenye mia tatu na tisini. Kornelio alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba Robi alihisi pumzi yake shingoni. Akamwaga, akasuuza, akaweka ya ghala. Alingoja umeme ukatike. Kalamu ikapanda. Umeme ulikuwepo. Ikafika kileleni, ikageuka, ikashuka. Mia nne na thelathini. Haikuhama hata unywele.

Alipochungulia dirishani alimwona Stanslaus amesimama mbele ya kibanda cha jenereta, mgongo mlangoni, mikono amekunja kifuani, midomo ikichezacheza kama anayesali.

"Tazama mwenyewe, mwenyekiti," Robi alisema, na akaanza kulia. Aliandika matokeo huku analia, akatia sahihi, na chini yake Stanslaus alikuja akatia ya kwake.

Jumamosi walikwenda na Simioni kwa gari la kituo. Mbele ya wazee, wanaume pekee na fimbo zao, Robi alizungumza Kikurya kwa sauti ambayo ilibidi Simioni airudie kwa nguvu. Aliwaonyesha chati. Hakuna aliyeielewa. Lakini mzee mmoja aliuliza kama ni kweli mbwa waliokula makombo ya ghala nao wamekufa, na kila mtu akakumbuka mbwa wake. Wazee wakasema Waisiko hana hatia. Mchana ule ghala lilifungwa, na baada ya wiki maofisa wa wilaya wakaja wakayachoma mahindi yote. Njaa ilikuwa kali mpaka chakula cha msaada kilipofika, na wapo waliomlaumu Robi kwa njaa hiyo hadi walipozeeka. Kornelio aliondolewa uenyekiti. Mama yake Robi aliugua miezi minne, macho manjano, kisha akapona taratibu.

Waisiko hakuwapo barazani. Vijana hawakuwa wamengoja uamuzi. Alfajiri ya Jumamosi walikwishaichoma nyumba yake, naye akakimbia na wajukuu mpaka kwa binti yake, katika kijiji cha Nyakunguru. Mwezi uliofuata Robi alipanda lori kumpelekea habari kwamba amesafishwa, anaweza kurudi.

Alimkuta anachambua mboga. "Shikamoo, bibi," akasema, akamweleza yote, taa na kilima na karatasi. Waisiko alisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri, mwanangu. Mahindi umeyapima," alisema. "Na wale waliokuja na moto, ambao nimewazalisha mama zao, nao umewapima?"

Robi alitikisa kichwa.

"Basi mimi nakaa hapa," Waisiko alisema, akamsogezea kigoda na nusu ya zile mboga. Wakachambua pamoja mpaka jua lilipoinama.