Mbuzi Watatu Ng'ambo ya Iveti

Tangu Januari, Syokau alikuwa na Jumamosi zake mwenyewe. Aliamka kabla ya jua, akafunga viatu alivyovichagua katika lundo la mitumba kule Tala, kimoja kamba nyekundu, kingine nyeupe, akatoka katika chumba chake cha kupanga mjini Machakos bila simu, bila mkoba, bila mtu wa kumuuliza atarudi saa ngapi. Alikimbia hadi bwawa la Maruba na kurudi. Kisha alioga maji baridi, akabandika muthokoi ya mahindi na maharage jikoni, akakaa mlangoni na redio yake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Raha hiyo hakumsimulia mtu. Aliogopa kwamba ikitajwa itakatika.

Alikuwa na miaka thelathini na saba, mshonaji wa sare za shule. Miaka kumi na minne aliishi na Rodgers kule Matuu, akamzalia binti, Mutheu, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Rodgers hakumpiga. Ila kila alichokipenda Syokau, yeye alikitafutia dosari, wimbo, rangi, rafiki, hadi mke akaacha kupenda vitu. Mwezi wa Januari alifunga nguo zake katika shuka, akaondoka.

Kosa lake lilikuwa moja: hakuwaambia wazazi. Baba yake, Mzee Levi, alikuwa mtu wa maneno machache na mgonjwa wa moyo anayeishi kwa dawa. Syokau alimwambia tu kwamba amehamia mjini kuwa karibu na kazi. Kila alipokwenda nyumbani neno lenyewe lilimfika kooni, akalishusha kwa chai.

Njia ya bwawani ilipita kwenye zizi la Abdinur, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye kila Jumamosi alimchokoza, "Mama Mutheu! Nani anakufukuza?" naye akajibu, "Ni mbuzi zako!" wakacheka, akapita.

Jumamosi hii Abdinur alisimama katikati ya njia.

"Wewe! Bibi harusi anakimbia leo? Si ungekuwa kwenu unapakwa mafuta?"

"Harusi gani, Abdinur?"

"Kwani hujui? Bwana yako, amekutaja kwa jina, ametoka hapa saa hii na mbuzi watatu. Majike wawili, beberu mmoja, hakuna kilema. Mimi nimeuzia Wakamba miaka ishirini, hiyo ni ntheo, huwezi nidanganya. Amesema anapitia wazee wake hapo stendi, halafu wapande Kathiani kwa baba yako."

Syokau alijua maana yake. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo wasipofika kwa wazazi wa mwanamke, hakuna ndoa, hata mkiishi pamoja mpaka meno yang'oke. Wakifika na wakapokewa, imekwisha: yeye ni mke wa Rodgers, na Mutheu ni mtoto wa ukoo wa Rodgers. Miaka yote Rodgers alikuwa akisema "mwaka ujao." Leo ndio umekuwa mwaka ujao. Na Mzee Levi, asiyejua lolote, angewapokea kwa mikono miwili.

"Niazime simu."

Abdinur alimpa. Simu ya baba haikupatikana. Jumamosi mama huipeleka dukani kuchajiwa.

"Panda boda, mimi nitalipa," alisema Abdinur, uso umembadilika.

"Boda itazunguka barabara ile ile, na wao wametangulia." Aliangalia vilima vya Iveti, bado vina ukungu kichwani. Kathiani kwa wazazi wake ni ng'ambo tu ya pale. "Kuna njia ya miguu."

"Hiyo? Mama Mutheu, hiyo hata mbuzi wangu hawaitaki!"

Alikuwa ameshaondoka.

Mbio za Maruba zilikuwa mbio za kufurahia pumzi. Hizi zilikuwa za kuihesabu. Njia ilipanda kati ya matuta ya mashamba, ikaingia kwenye mikalitusi, udongo mwekundu ukateleza kwa umande. Kichomi kilimshika ubavuni, akakibana kwa ngumi, akaendelea. Alianguka mara moja, goti likachubuka, akainuka kabla ya kuhisi maumivu. Mgongoni mwa kilima aliiona barabara chini, na juu yake pikapu nyeupe ikitambaa na vumbi lake. Kisha kona ikaimeza. Aliteremka kama jiwe lililosukumwa.

Alipofika, pikapu ilikuwa imeegeshwa nje ya lango. Wazee watatu wenye kofia walikuwa wameshashuka. Rodgers alikuwa ameshika kamba za mbuzi, naye beberu akimvuta kuelekea majani. Ndani ya lango alisimama Mzee Levi, koti limefungwa vifungo vyote, uso una furaha.

"Nau," Syokau alimwita baba yake kwa lugha ya nyumbani, akihema. "Nau, usiwapokee."

Rodgers aligeuka. Alimtazama kutoka viatu hadi nywele. "Hivi ndivyo unakuja mbele ya wazee? Na suruali ya kubana?"

Mama yake Syokau, Loise, alitoka nyuma ya mumewe, akafungua leso kiunoni mwake, akamfunga bintiye.

Mzee mmoja wa upande wa Rodgers alikohoa. "Mbuzi wakishashuka kwa gari hawarudi."

"Bado wako nje ya lango," alisema Mzee Levi. Furaha ilikuwa imemtoka usoni polepole. "Na desturi ni msichana aulizwe. Miaka kumi na minne hamkunipa nafasi ya kuuliza. Syokau. Hawa mbuzi tuwale?"

Beberu alilia.

"Msiwale, nau."

"Mliachana lini?"

"Januari."

"Januari." Mzee alifungua kifungo cha juu cha koti. "Na chai yangu ulikuwa unakuja kunywa."

Syokau aliinamisha kichwa.

"Baba, nimekuja kwa heshima," alisema Rodgers, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Heshima yako nimeiona. Na jibu umelisikia. Wazee, karibuni chai. Mbuzi wapandishwe garini."

Waliinywa chai hiyo wakiwa wamesimama, wakaondoka. Syokau alikaa juu ya jiwe la kufulia. Baba yake alikuja na kikombe cha maji. Alimpa akitazama pembeni.

"Umepita Iveti?"

"Ndiyo."

Mzee aliviangalia viatu vile, kamba nyekundu, kamba nyeupe, tope jekundu juu ya vyote viwili.

"Jumamosi ukikimbia, kimbilia huku," alisema mwishowe. "Uniambie mambo ukiwa umechoka. Ukishapumzika unadanganya."